Kikombe cha Mkojo kwa Dola 241: Kisa cha Florida, 2011 hadi 2015

Kuanzia Julai 1, 2011, mzazi wa jimbo la Florida aliyetaka msaada wa fedha kutoka serikalini alitakiwa kwanza apimwe mkojo kuthibitisha kwamba hatumii dawa za kulevya. Haikujalisha kama amewahi kukamatwa na dawa hizo, wala kama afisa aliyempokea alikuwa na wasiwasi naye. Kuomba tu kulitosha. Gharama ya kipimo, kwa wastani dola 30, aliitoa mfukoni mwake, mtu yule yule aliyefika pale kwa sababu mfukoni hamna kitu. Akionekana safi, alirudishiwa baadaye. Akikutwa na chembe za dawa, alifungiwa mlango mwaka mzima, na akikutwa tena mara ya pili, miaka mitatu.

Sheria hiyo ilifanya kazi kwa muda usiofika miezi minne, kisha mahakama ikaisimamisha. Kesi yake ikaburuzwa hadi 2015. Nimeichagua kati ya mengi yanayofanana nayo katika siasa za misaada ya kijamii Marekani kwa sababu aibu wanayobebeshwa wapokea misaada kwa kawaida haina risiti. Inasemwa majukwaani, inasikika kwenye foleni ya duka, lakini huwezi kuihesabu. Florida waliiandika iwe sheria, wakailipia, wakaitunzia kumbukumbu, kisha wakalazimika kuitetea kwa ushahidi mbele ya jaji.

Fedha zinazogombaniwa

Msaada wenyewe ni ule wa TANF, yaani Msaada wa Muda kwa Familia zenye Uhitaji. Kwa Florida, familia ya watu watatu isiyo na kipato chochote haipati zaidi ya dola 303 kwa mwezi. Baba aliyefungua kesi hii, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa amerudi chuoni huku akimlea mwanawe peke yake, alistahili dola 241 kwa ajili yake na mtoto. Muda wa juu wa kupokea ni miezi 48 katika maisha yote ya mtu mzima, na humo ndani kuna masharti ya kutafuta kazi, kuhudhuria mafunzo na kuripoti. Kwa nchi nzima, takriban robo tatu ya wanaohesabiwa kuwa wapokeaji wa TANF ni watoto.

Nayataja haya mapema kwa sababu hotuba za kisiasa huwa hazifiki hapa. Ukisikiliza mjadala wa 2011 ungedhani kuna watu wanaishi kifahari kwa fedha hizi. Dola 241 kwa mwezi ni kama dola nane kwa siku, mtu na mwanawe, katika jimbo ambalo kodi ya chumba peke yake inazimeza zote na bado haijaisha.

Tuhuma ilianza zamani

Gavana wa Florida wakati huo, Rick Scott, aliyeitia saini sheria hiyo, hakuibuni tuhuma hii kwamba wapokea misaada ni watu wa kushukiwa. Aliikuta imeshapikwa.

Msaada wa fedha kwa familia zenye watoto ulianzishwa na sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935. Mwanzoni picha iliyokuwa kichwani mwa watu ilikuwa ya mjane wa Kizungu na wanawe, na majimbo mengi ya kusini yalijua namna ya kuwaacha mama Weusi nje ya orodha. Walipoanza kuingia kwa wingi, masharti nayo yakabadilika sura. Yakaanza kuchungulia chumbani. Alabama ilikuwa na kanuni kwamba mama akiwa na uhusiano na mwanamume yeyote, mwanamume huyo anahesabiwa kuwa baba wa watoto hata kama hana undugu nao wala hatoi senti, na watoto wananyimwa msaada. Mama mmoja wa Selma alikwenda mahakamani, na mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta kanuni hiyo. Upande wa pili wa nchi, katika wilaya ya Alameda huko California, Januari 1963 maafisa walitumwa alfajiri ya Jumapili kugonga milango ya wapokea msaada ili kuona kama kuna mwanamume kitandani. Mfanyakazi mmoja wa ustawi wa jamii alikataa kushiriki, akafukuzwa kazi. Ilichukua hadi 1967 Mahakama ya Juu ya California kusema kwamba alikuwa na haki ya kukataa.

Kisha ikaja 1976. Ronald Reagan, akitafuta kuteuliwa na chama cha Republican kugombea urais, alizunguka na simulizi ya mwanamke wa Chicago mwenye majina 80, anwani 30 na kadi 12 za hifadhi ya jamii, anayejikusanyia dola 150,000 kwa mwaka bila kulipa kodi. Hakumtaja kwa jina. Mwanamke huyo alikuwepo kweli, na hakuwa malaika hata kidogo, lakini hatia aliyotiwa mwaka 1977 ilikuwa ya kujipatia kwa udanganyifu kiasi kisichofika dola 10,000. Gazeti la Chicago Tribune lilikuwa limeshampa jina la malkia wa misaada, na jina hilo likamwacha yeye likawaendea mamilioni ya wanawake wasiomjua. Nguvu ya simulizi ile ilikuwa kwamba ni ya kweli nusu. Ukiikanusha unaonekana unamtetea mwizi.

Magazeti nayo yalifanya kazi yake. Mtafiti mmoja wa sayansi ya siasa alihesabu picha za maskini katika majarida makubwa ya habari ya Marekani kati ya 1988 na 1992, akakuta asilimia 62 ya waliopigwa picha ni Weusi, wakati Weusi walikuwa asilimia 29 tu ya maskini wa nchi hiyo. Msomaji wa kawaida hakuwa na haja ya kuambiwa nani anakula kodi yake. Alionyeshwa.

Agosti 22, 1996, Rais Bill Clinton, wa chama cha Democratic, alitia saini sheria iliyoufuta mpango wa 1935 na kuweka TANF mahali pake. Aliahidi mageuzi hayo tangu kampeni ya 1992, hivyo asije mtu akasema hili ni jambo la Republican peke yao. Haki ya kupata msaada ikafutwa, yakawekwa mafungu ya fedha kwa majimbo, jumla dola bilioni 16.5 kwa mwaka, kiasi ambacho hakikufungamanishwa na mfumuko wa bei. Ukomo wa miaka mitano kwa fedha za shirikisho ukawekwa, na majimbo yakaruhusiwa kuufupisha, Florida iliufupisha. Mwaka 1996, kati ya kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilikuwa zikipata msaada huu wa fedha. Kufikia 2014 zilikuwa 23.

Sheria hiyo hiyo iliwazuia wahamiaji wengi halali kupata misaada ya shirikisho kwa miaka yao mitano ya kwanza, lakini wakimbizi hawakuguswa na katazo hilo. Ndiyo njia iliyoziwezesha familia za Wakongo wazungumzao Kiswahili, waliohamishwa kutoka kambi kama Nyarugusu na Kakuma, kuanza maisha Marekani wakiwa na angalau fedha ya sabuni. Hotuba dhidi ya wapokea misaada zinawahusu nao, wajue wasijue.

Na ndani ya sheria ile ndefu kulikuwa na kifungu kifupi kinachosema majimbo hayakatazwi kuwapima dawa za kulevya wapokea msaada. Michigan ndiyo iliyotangulia kukitumia kwa waombaji wote, mwaka 1999. Jaji akaizuia, rufaa ikapanda, na mwaka 2003 majaji wote wa mahakama ya rufaa ya huko wakagawanyika sawa kwa sawa, kwa hiyo uamuzi wa chini wa kuizuia ukabaki. Watu wa Florida walikuwa na mfano huo mezani.

Walikuwa wameshajaribu

Jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki, na ambalo waandishi wengi hulipitia haraka, ni kwamba Florida yenyewe ilikuwa imeshafanya jaribio mwaka 1998. Bunge la jimbo liliagiza mradi wa majaribio wa kuwachuja waombaji wa TANF katika baadhi ya maeneo. Watafiti wa chuo kikuu wakapewa kazi ya kuupima. Waombaji 8,797 walichujwa; waliokutwa na dawa ni 335. Gharama ilifika dola milioni 2.7. Watafiti wakatazama pia kama waliokutwa na dawa walishindwa kupata kazi kuliko wenzao, au walitegemea misaada kwa muda mrefu zaidi. Tofauti waliyoiona ilikuwa ndogo mno. Wakashauri mpango usipanuliwe, na ukaachwa.

Kwa hiyo mwaka 2010, Scott alipokuwa akiahidi kwenye kampeni kuwapima wapokea msaada, jibu la swali lake lilikuwa tayari kwenye makabati ya jimbo lake mwenyewe, kwa fedha za walipa kodi wale wale. Alishinda ugavana kwa tofauti ya takriban asilimia moja ya kura. Muswada ukawasilishwa na mwakilishi Jimmie Smith, ukapita, na gavana akautia saini mwishoni mwa Mei 2011 kwa maelezo kwamba si haki mlipa kodi agharimie ulevi wa mwingine. Kwenye televisheni alidai kuna tafiti zinazoonyesha wapokea misaada hutumia dawa zaidi ya watu wengine. Serikali ilipokuja kutakiwa mahakamani kuzionyesha, ndipo mambo yakaharibika.

Kikombe

Watu ambao hawajawahi kupimwa mkojo kwa amri ya mtu mwingine huona ni jambo dogo. Kwa utaratibu wa kawaida wa vipimo vya namna hii Marekani, unaacha mkoba na koti nje. Unatoa vilivyo mfukoni. Maji ya choo yametiwa rangi ya buluu ili usiyachote ukachanganya. Unakabidhi kikombe kikiwa na joto, na mpokeaji anatazama kipimajoto kilichobandikwa ubavuni kabla dakika nne hazijapita, kwa sababu mkojo uliopoa ni mkojo unaoshukiwa kuwa wa mtu mwingine. Kila hatua inakuchukulia kuwa umekuja kudanganya. Anayepimwa hivyo kwa ajili ya kazi ya kuendesha lori anajua sababu ni lori. Mama aliyekuja kuomba dola 303 anaambiwa sababu ni yeye.

Kisha sheria ya Florida ilikuwa na mikia ambayo haikutangazwa sana. Mwombaji alitakiwa kutia saini kwamba ameridhia. Kama alikuwa akitumia dawa za hospitali zinazoweza kubadili majibu, ilimbidi aeleze, yaani atoe siri za ugonjwa wake. Akikutwa na dawa za kulevya, taarifa ilipelekwa kwenye namba ya jimbo ya kuripoti unyanyasaji wa watoto, hata kama hakuna aliyewahi kumlalamikia kuhusu malezi. Watoto wake waliweza kuendelea kupata fungu lao kupitia mtu mzima mwingine atakayeteuliwa kulipokea, na huyo naye alipimwa. Bibi aliyejitolea kuwapokelea wajukuu fedha alitakiwa akojoe pia.

Na matibabu? Sheria iliagiza mtu aliyekutwa na dawa apewe orodha ya vituo vya tiba, kisha ikatamka wazi kwamba jimbo halina wajibu wa kuitoa tiba hiyo wala kuilipia. Akimaliza tiba kwa gharama anazozijua mwenyewe, aliruhusiwa kuomba tena baada ya miezi sita badala ya mwaka. Ukitaka kujua sheria ilikusudia nini, soma ilichokubali kulipia na ilichokataa.

Hesabu

Tangu Julai hadi mahakama ilipoingilia Oktoba, jimbo lilihesabu waombaji 4,086. Waliokutwa na dawa walikuwa 108, sawa na asilimia 2.6, na iliyoonekana zaidi ilikuwa bangi. Wengine 40 waliacha bila kupimwa. Takwimu hizi zilitolewa na serikali ya jimbo yenyewe kwa shirika la kutetea haki za kiraia, ACLU, lililokuwa likimwakilisha mlalamikaji. Makadirio ya matumizi ya dawa za kulevya kwa wakazi wa Florida kwa ujumla yalikuwa karibu asilimia 8. Kundi lililopakwa matope lilionekana safi kuliko jimbo lililokuwa likilipaka.

Wengine watasema, na si hoja ya kipuuzi, kwamba mtumiaji wa dawa hakufika kupimwa kwa sababu alijua atakamatwa, na hapo ndipo akiba ilipo. Taasisi moja ya wahafidhina ilitoa kijitabu kikidai jimbo lingeokoa mamilioni kwa njia hiyo. Tatizo ni kwamba kilimchukulia kila ambaye hakumaliza maombi kuwa mtumiaji wa dawa. Mtu asiye na dola 30, asiye na usafiri wa kufika maabara, aliyepata kibarua wiki hiyo, aliyeona haya akarudi nyumbani, wote walitiwa gunia moja. Jaji alipokisoma alisema hata kukipitia juu juu kunatosha kuona kwamba makisio yake hayasimami.

Upande wa matumizi, kuwarudishia fedha waliokutwa safi kuligharimu dola 118,140. ACLU ilitoa hesabu kwamba kiasi hicho kilizidi kile ambacho jimbo lingewalipa waliofeli, na hasara ilikuwa dola 45,780. Hapo hujaweka mishahara ya maafisa wala mawakili wa serikali. Na miaka minne ya mawakili si kitu kidogo, ukizingatia kwamba jimbo lilikuja kulipa pia gharama za mawakili wa upande ulioshinda.

Mimi hata hivyo sipendi kuishia kwenye hasara hii, ingawa ndiyo iliyovuma zaidi. Hoja ya hasara ina mtego. Je, ingekuwaje kama wangefeli 600 na jimbo likapata faida? Je, ingekuwa halali? Wapinzani waliokumbatia namba peke yake walijiweka mahali ambapo maabara ya bei nafuu ingeweza kuwanyamazisha.

Mahakamani

Mahakama haikwenda huko. Ilishika njia ngumu zaidi, na ndiyo maana uamuzi wake una uzito.

Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani yanamlinda mtu dhidi ya kupekuliwa bila sababu. Kuchukua mkojo wa mtu ni upekuzi. Hilo lilishaamuliwa miaka mingi. Kawaida serikali inatakiwa iwe na shaka juu ya mtu fulani, kwa jambo fulani. Isipokuwa pale penye hitaji maalumu: wafanyakazi wa reli baada ya ajali, maafisa wa forodha wanaobeba silaha, wanafunzi wanamichezo walio chini ya uangalizi wa shule. Kwa hiyo swali kwa Florida lilikuwa moja: ni hatari gani ya pekee waliyonayo maskini wenye watoto, inayowafanya wapoteze kinga ambayo jirani yao anayo?

Jaji Mary Scriven wa mahakama ya shirikisho, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, aliitisha ushahidi. Serikali ikamletea lile jaribio la 1998, ambalo lilisema kinyume cha ilichotaka kuthibitisha. Ikaleta hoja ya usalama wa watoto na hoja ya kulinda kodi. Ikasema pia kwamba hakuna aliyelazimishwa: mwombaji ametia saini kwa hiari. Hii ya hiari ndiyo iliyokuwa na ujanja zaidi. Ukiikubali, serikali inaweza kumwambia mtu mwenye njaa asaini chochote. Mahakama ikaikataa, ridhaa inayonunuliwa kwa chakula cha mtoto, katika jambo ambalo Katiba imelikataza, haihesabiki kuwa ridhaa.

Oktoba 24, 2011 akatoa zuio la muda. Februari 2013 Mahakama ya Rufaa ya mzunguko wa 11, huko Atlanta, ikalithibitisha, Jaji Rosemary Barkett akiandika kwamba hakuna ushahidi wa tatizo la dawa lililo la pekee kwa waombaji wa TANF. Desemba 31, 2013 Scriven akaifuta sheria moja kwa moja, akisema hakuna mazingira yoyote ambamo upimaji huo usio na shaka ungeweza kukubalika kikatiba. Desemba 3, 2014 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye tena, safari hii kwa kalamu ya Jaji Stanley Marcus. Machi 2015 muda wa kwenda Mahakama ya Juu ulipita na gavana hakukata rufaa.

Kulikuwa na kesi moja ya zamani iliyosimama nyuma ya hii yote kama shemeji aliyekuja kudai mahari. Jimbo jirani la Georgia liliwahi kutunga sheria kwamba wagombea wa vyeo vya juu vya jimbo wapimwe dawa za kulevya. Mahakama hiyo hiyo ya Atlanta iliipitisha. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikaifuta kwa majaji 8 dhidi ya 1, Jaji Ruth Bader Ginsburg akieleza kwamba Georgia haikuonyesha tatizo lolote halisi kwa wagombea wake. Ilitaka kutoa ishara tu, na ishara haitoshi kumpekua mtu. Wanasiasa wakaokolewa na kikombe kwa hoja ambayo, miaka 14 baadaye, wanasiasa wengine walidhani haiwafikii maskini.

Hata wachekeshaji waliliona hilo. Katika mkutano mmoja wa gavana na waandishi wa habari, mchekeshaji wa televisheni Aasif Mandvi alisimama na kumwomba Scott akojoe kwenye kikombe ili walipa kodi wahakikishe mshahara wake hauendi kwenye dawa. Kikombe kikapitishwa mkono kwa mkono kuelekea mbele. Ukumbi ulicheka. Lakini ukiiondoa kejeli, ni swali lile lile la Ginsburg.

Kwa haki ya gavana niseme kwamba hakuwalenga maskini peke yao. Machi 2011 alitoa amri wafanyakazi wa idara zilizo chini yake wapimwe pia. Chama cha wafanyakazi kilimshitaki, na mahakama zikaipunguza amri ile hadi ikabaki kwa kazi zenye hatari tu. Tofauti iko kwenye waliosimama nyuma ya kila kundi. Wafanyakazi walikuwa na chama chao na mawakili wake. Waombaji wa TANF walikuwa na mtu mmoja aliyekubali jina lake liandikwe juu ya kesi na nchi nzima ijue kwamba ameomba msaada.

Hilo nalo si dogo. Katika kesi za namna hii mawakili hutafuta mlalamikaji asiye na doa, na huyu alikuwa amelitumikia jeshi, anasoma, analea. Mama aliyewahi kuvuta bangi miaka kumi iliyopita, mwenye watoto wa baba tofauti, angekuwa na haki ile ile kikatiba, lakini sidhani kama kuna wakili angemweka mbele ya kamera. Utetezi wa wapokea misaada mara nyingi hulazimika kupita kwenye mlango ule ule wa tuhuma: unatafuta maskini mwema ili umwombee haki ambayo haikupaswa kutegemea wema.

Nani alilipwa

Watetezi wa haki walisherehekea kwamba sheria ilishindwa. Kisheria, ndiyo. Lakini rudi nyuma utazame mpangilio wa tarehe. Scott alichaguliwa mara ya pili Novemba 4, 2014, tena kwa tofauti ya takriban asilimia moja. Pigo la mwisho la mahakama lilitoka mwezi mmoja baadaye. Mwaka 2018 akachaguliwa kuwa seneta. Sheria iliyofanya kazi chini ya miezi minne ilimpa hoja kwa kampeni mbili, na hoja hiyo ilikuwa na faida hata ilipozuiwa, maana sasa aliweza kusema majaji wanamzuia kulinda kodi za watu. Hakuna asiyejua hesabu katika ofisi ile. Jaribio la 1998 lilionyesha kwamba waliokutwa na dawa hawakutegemea misaada kwa tofauti ya maana kuliko wenzao. Sioni namna ya kuielewa sheria ya 2011 isipokuwa kwa kukubali kwamba mteja wake alikuwa mpiga kura asiyeomba msaada, yule anayefanya kazi mbili, anayepimwa mkojo kazini kwake, na anayeuliza kwa uchungu kwa nini mimi nipimwe na yule asipimwe.

Uchungu huo ni wa kweli, na haujibiwi kwa kumwita mtu mbaguzi. Sehemu ya jibu ni ya kisheria: mwajiri binafsi hafungwi na Marekebisho ya Nne, serikali inafungwa. Sehemu nyingine ni kwamba mtu huyo naye hupokea kutoka serikalini, ila hakuna anayemshikisha kikombe. Mwenye nyumba hukatiwa kodi kwa riba ya mkopo wake. Mkulima mkubwa hulipwa ruzuku ya mazao. Mwanafunzi wa Florida mwenye alama nzuri husomeshwa kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo. Misaada hii inapita kwenye fomu za kodi na akaunti za benki, haina dirisha wala foleni, kwa hiyo anayeipokea hajioni kuwa mpokeaji.

Majimbo mengine hayakuacha mchezo baada ya 2015. Yalibadili tu utaratibu. Utah, tangu 2012, humpa mwombaji dodoso la maswali, na anayeonekana na dalili ndiye anayepelekwa maabara, ili ionekane kuna shaka kwanza. Mwaka wa kwanza, kati ya waombaji 4,730, waliokutwa na dawa walikuwa 12. Tennessee ikafuata mwaka 2014 kwa maswali ya namna hiyo hiyo. Kifungu cha 1996 hakijafutwa. Na familia ya watatu huko Florida, kwa miaka mingi baada ya kesi kwisha, iliendelea kupangiwa dola 303, kiasi kile kile ilichokuwa ikipangiwa kabla Clinton hajatia saini.